Mshahara Kamili, Kazi Nusu

Katika darsa yetu kumezuka suala ambalo tumeona yafaa tuliandike hapa, kwani lawahusu wengi katika vijana wetu wa Changamwe, Kisauni na Likoni wanaopata riziki zao katika kiwanja cha ndege. Suala lenyewe ni hili: mtu aliyeajiriwa kwa ujira asioridhika nao, je, yafaa kwake kupunguza kazi kwa kadiri ile anayoona amepunjwa? Wako wasemao kuwa yafaa. Husema, "Wao wanipa kidogo, nami nawapa kidogo; tena kazi yenyewe si ya babangu."

Hoja hii ina sura ya uadilifu, na ndiyo sababu huwanasa hata watu wema. Basi natuipime.

Kwanza tutazame mahali penyewe. Kiwanja chetu, ambacho zamani kikiitwa Port Reitz na leo chajulikana kwa jina la Moi, kina njia ya kurukia ndege yenye urefu wa mita 3,350. Njia hiyo haina budi kukaguliwa, isibaki jiwe wala msumari. Lakini mwenye kuikagua hasimamiwi kila hatua. Akitaka, aweza kupita mbio kisha akaandika daftarini kuwa mambo yote ni sawa, na hapana atakayemjua siku ile, wala labda mwaka ule.

Tarehe 25 Julai 2000, huko Paris, ndege ya Concorde ilikanyaga kipande cha chuma kisichofika urefu wa nusu mita, kilichoanguka kutoka ndege iliyoruka dakika chache kabla yake. Gurudumu likapasuka, tangi la mafuta likatoboka, moto ukawaka, na watu 113 wakafa. Wachunguzi walikuta kuwa kipande kile hakikutengenezwa wala kufungwa kwa namna iliyoagizwa. Mwaka 2012 mahakama ya rufani ya Ufaransa ilimwondolea fundi aliyehusika hatia ya jinai, wala sisi hatumhukumu. Tutakalo ni kuonyesha jinsi kazi ndogo, iliyofanywa mbali, ilivyofungamana na roho za watu.

Hapo ndipo hoja ya ndugu zetu inapovunjika. Apunjaye ujira ni mwajiri. Apunjwaye kazi ni msafiri: mama aendaye Arabuni kutafuta riziki, au mgonjwa aendaye India kutibiwa. Hao hawakumdhulumu mtu. Na kumlipiza asiyekosa si uadilifu, bali ni dhulma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Surat al-Mutaffifin imewaonya wale ambao wakipimiwa hutaka kamili, na wakiwapimia wenzao hupunguza. Tumezoea kudhani kuwa onyo hilo ni la wenye maduka peke yao. Lakini apokeaye ujira wa saa nane akafanya kazi ya saa tano, huyo naye ana mizani mkononi.

Je, mfanyakazi akidhulumiwa anyamaze? La, hasha. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ameagiza mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na mwajiri anayelidharau agizo hilo ataulizwa. Haki hudaiwa, lakini hudaiwa waziwazi. Mwezi Septemba 2024 wafanyakazi wa kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, waligoma kupinga mpango wa kukikabidhi kiwanja hicho kwa kampuni ya Adani ya India. Mtu aweza kuwaunga mkono au kuwalaumu, kwani wasafiri walitaabika. Lakini neno lao lilikuwa wazi. Azembeaye kwa siri naye amegoma, ila amegoma huku apokea mshahara, na msafiri hana habari.

Watatwambia: "Moyo usiporidhika, mkono utafanyaje kazi?" Neno hili lina ukweli ndani yake. Mwaka 2001 mtaalamu wa Marekani, Timothy Judge, na wenzake walikusanya matokeo ya uchunguzi uliowahusu watu 54,417, wakaona kuwa kuridhika na kazi na kuifanya vyema huandamana, lakini kwa kadiri ya wastani tu. Basi wakubwa wa kazi na wazingatie, maana aliyetendewa vyema yaelekea atatenda vyema. Lakini ridhaa peke yake haitoshi. Pana pengo, na pengo hilo hujazwa na amana. Katika Surat al-Qasas, binti aliyemsifu Musa kwa babaye alitaja sifa mbili za mwajiriwa bora: nguvu na uaminifu. Kuridhika hakukutajwa.

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alitaka Waislamu wajikosoe wenyewe kabla ya kuwalaumu wengine. Leo twalalamika kuwa kazi hupewa watu watokao mbali, na malalamiko hayo hayakosi ukweli. Lakini kila mzembe mmoja miongoni mwetu humpa hoja yule asiyetutaka, na humfungia mlango kijana ambaye bado hajaugonga.

Wala tusiwanyoshee kidole watu wa kiwanja cha ndege peke yao. Mwalimu wa chuo, karani wa forodha, na sisi tunaoandika haya, kila mmoja ana njia yake aliyopewa aikague. Natujiulize leo: tumeikagua, au tumeandika tu kuwa ni sawa?

Wabillahi taufiq.