Mpini wa Kwanza

Kinsevere, kiasi cha kilomita 30 kaskazini ya Lubumbashi, ni mahali ambapo mtu akitaja kazi wasikiao hudhani kwamba makusudio yake ni shaba, kwa kuwa mashimo ya mgodi na mabamba mekundu yapakiwayo juu ya malori yamezifunika kazi nyingine zote. Walakini swali nilitakalo halihitaji mtambo mkubwa kuliko keezo ya seremala, nalo ni hili: chombo cha kwanza kilifanywa kwa chombo gani?

Na tuchukulie kwamba fundi akaaye huko amepata patasi ya kukerezea isiyo na mpini. Atatafuta kipande cha mulombwa, mti ambao Watanzania huuita mninga, kiwe kimekauka barabara, maana mti mbichi husinyaa na noleo likalegea. Kwanza atatoboa tundu la msuka kwa keekee, kisha ndipo atakapokiweka kipande kwenye keezo kwa kulifuata tundu lile, ili umbo la nje liandame njia ya ndani. Atauacha mpini uwe mrefu, kwa sababu ncha ya chuma hupita mbele ya egemeo, na mti uzungukao huisukuma chini kwa nguvu, na mkono ulio mbali na egemeo ndio uwezao kuizuia. Mwisho atavika noleo, aghalabu kipande cha bomba la shaba, pale msuka uingiapo, kwani pasipo hilo msuka hugeuka kabari ukaupasua mti uliopewa kuushika.

Kazi imekwisha, illa mpini huo umekerezwa kwa patasi nyingine, nayo ina mpini wake, na mpini ule ulikerezwa kwa patasi iliyoutangulia. Walimu wa Kiyahudi wa zamani walikwisha kuiona dhiki hii katika karakana ya mhunzi: koleo hufanywa kwa koleo, basi wako miongoni mwao waliosema kwamba koleo la kwanza liliumbwa na Mungu mwenyewe, jioni ya siku ya sita, Sabato ikikaribia kuingia. Wanazuoni wa ilmu ya tauhidi nao walishika kwamba silsila ya sababu haiwezi kurudi nyuma pasipo kikomo. Amma Spinoza, mwanafalsafa wa Uholanzi aliyefariki mwaka 1677, na ambaye kusugua vioo vya lenzi ilikuwa kazi ya mikono yake, alijibu kwamba binadamu walianza kwa vyombo walivyozaliwa navyo, wakafanya vitu vyepesi kwa taabu nyingi, na kwa vile vyepesi wakapanda hata vilivyo vigumu.

Jibu la Spinoza lanipendeza, kwa kuwa lina jasho ndani yake, na wahunzi wengi wa Afrika walimshuhudilia pasipo kumjua, walipokifua chuma kwa nyundo ya jiwe lililookotwa. Lakini mkono nao haukufanywa na mwenye mkono, wala jiwe halikufanywa na aliyeliokota. Hapo ndipo nionapo kwamba pande zote mbili zimeharakia mno ncha ya mbali ya silsila, kana kwamba kisichofanywa na mtu kiliingia mara moja tu, mwanzoni, kisha mambo yakaachiwa mafundi. Tazama mpini ule ule wa Kinsevere: mulombwa ulikua msituni miaka mingi pasipo kumwuliza seremala, na ungaliweza kuishia katika tanuri la makaa kama miti mingi ya viunga vya Lubumbashi, nayo shaba ya noleo ilikuwa ndani ya mwamba mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya kuwako mkono wa kuichimba. Katika kila pete ya mnyororo, hata hii iliyofungwa leo asubuhi, kipo kilichopokewa bure, na bei iliyolipwa sokoni ni ya kukata, kuchimba na kuchukua.

Je, kilichopokewa chalazimu kuwako mtoaji? Mimi nasadiki kwamba yuko, na sioni haya kulisema. Ila mpini hauthibitishi hayo, na Spinoza, ambaye kwake Mungu na maumbile ni kitu kimoja, angaliyakubali maneno yangu yote mpaka hapa, kisha akaikataa imani niliyoyajenga juu yake.