Kilio Kisicho na Machozi

Evanjili ya Mtakatifu Marko, sura ya 7, yasimulia habari za kiziwi aliyesema kwa shida, aliyeletwa kwa Bwana Yezu katika nchi ya Dekapoli. Yezu alimtenga kando, mbali na makelele ya watu. Akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akatazama mbinguni, akaugua. Kwa nini? Mtu yule hakuweza kusikia maneno. Basi Bwana alisema naye kwa ishara.

Hata leo wako watoto wanaohitaji upole wa namna hiyo, ndio watoto wenye usonji. Usonji si laana, wala si ugonjwa wa kuambukiza, wala si kosa la mama. Ni namna nyingine ya ubongo kukua tangu utotoni. Mwaka 1943 mganga Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema, lakini hawawezi kueleza yaliyo mwilini mwao.

Zamani watu wengi, hata waganga, walidhani kwamba watoto hao hawasikii maumivu. Walidanganyika. Mwaka 2009 wataalamu wa Ufaransa walieleza kwamba watoto hao, walipochomwa sindano ya kutoa damu, walionyesha maumivu kidogo kwa nje, lakini mioyo yao ilipiga mbio kuliko ya wengine. Uso ulinyamaza, moyo ulilia.

Maumivu yao hutokea mlango mwingine. Mwenye sikio bovu aweza kupiga kichwa ukutani. Mwenye jino lililooza aweza kukataa chakula au kujiuma mkono. Mwenye tumbo lililofunga aweza kukesha usiku kucha akipiga kelele. Ndipo baba humchapa kwa ukaidi, na jirani humwita mchawi. Hivyo maumivu huongezwa juu ya maumivu. Sheria ya Kongo ya mwaka 2009 ya kulinda watoto yakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi; na tangu kale amri ya nane ya Mungu yakataza kumsingizia jirani.

Basi mkatekumeni afanye nini? Afuate mfano wa Bwana. Amtenge mtoto kando, mahali pa utulivu. Aangalie kilichogeuka ghafula katika kula, kulala na kutembea kwake. Amtazame masikio, meno, tumbo na nyayo, tena polepole, kwa maana wengine huumizwa hata na mguso mwepesi. Kisha ampeleke dispensari pamoja na mama yake, kwa kuwa mama ajuaye desturi za mtoto ndiye mkalimani wake mbele ya mganga.

Kabla ya ubatizo padri humgusa mkatekumeni masikio na kinywa, akitaja neno lile la Yezu: Efata, maana yake, Funguka. Masikio hayo hufunguliwa yapate kusikia Neno la Mungu. Je, yatazibwa mbele ya kilio cha mtoto mdogo?