Je, Miguu ya Mtu Hulipiwa Nauli?

Wako wenye kusema, na maneno yao yana sura ya haki, kwamba mfanya biashara hakumlemaza mtu, basi kwa nini atwikwe gharama ya ulemavu wa mtu? Mwenye gari auza nafasi. Atakaye mbili na alipe mbili. Mwenye mkahawa amejenga mlango. Asiyeweza kuupanda na atafute mkahawa mwengine. Jambo hili lataka kutazamwa kwa insafu, wala si la walemavu peke yao, kwani hayupo baina yetu aliyeahidiwa kuzeeka na magoti ya ujana.

Twaeni mji wa Webuye, katika kaunti ya Bungoma, ulio kando ya barabara kuu iendayo Malaba na Uganda. Atakaye kwenda Kitale hupanda matatu, na atakaye kuja kwetu Mombasa ana safari ya zaidi ya kilomita 800. Sasa aje stendi mtu asiyetembea, na kiti chake cha magurudumu. Malalamiko ya watu kama hawa nchini Kenya ni ya siku nyingi: kwamba magari huwapita, au kondakta hukitoza kiti nauli kana kwamba ni gunia la mahindi.

Kondakta naye tusimdhulumu. Tangu kanuni za mwaka 2004, matatu ndogo ina abiria wake 14 na mikanda yao, wala hana ruhusa ya kubananisha watu. Kiti kikikalia nafasi ya abiria, nauli moja imepotea kweli, na jioni mwenye gari ataitaka hesabu yake kamili. Hiyo ni hoja, si uchoyo. Lakini kiti kilichokunjwa kikatiwa pamoja na mizigo hakikukalia nafasi ya mtu. Basi nauli hiyo yatozwa kwa kitu gani? Yatozwa kwa kuwa huyu hana njia ya kukataa. Abiria wengine wamekuja na miguu yao wasiulizwe bei yake. Na miguu ya huyu ndiyo hiyo. Huko Uingereza, mwaka 2004, mahakama ilimpa haki abiria aliyetozwa na kampuni ya Ryanair pauni 18 kwa kiti cha kumfikisha kwenye ndege katika kiwanja cha Stansted.

Kanada walikwenda mbele zaidi. Mwaka 2008 mamlaka ya usafiri iliamua kwamba katika safari za ndani ya nchi, mashirika makubwa ya ndege yasimtoze nauli ya pili mlemavu anayehitaji msaidizi, wala mtu ambaye unene wake umekuwa ulemavu. Hapa mizani huwa nzito. Shirika lenye ndege nyingi huigawa hasara hiyo juu ya maelfu ya tiketi, asiisikie yeyote. Mwenye matatu moja ya mkopo aigawe juu ya nani? Sisi hatuoni kuwa hukumu ile yaweza kuhamishwa kama ilivyo hadi stendi ya Webuye. Mtu mnene akilipa nafasi mbili katika gari dogo lililojaa, hatusemi kondakta amemdhulumu. Lawama twaiweka kwa waliouacha usafiri wa umma uwe wa vigari kama hivyo.

Mwenye haja naye ana wajibu wake. Mgonjwa wa sukari aingiapo mkahawani, ambako mara nyingi chai huja imekwisha tiwa sukari, ni juu yake kusema kabla ya kuandaliwa, kwani mwenye mkahawa hajui yaliyo ndani ya mwili wa mtu. Lakini akishaambiwa, birika jengine lisilo sukari halimgharimu kitu, bali lamwokolea sukari! Akijibu kwamba chai ni hiyo hiyo, hana udhuru. Dawa, msaidizi, taarifa ya mapema: haya mtu aweza kuyabeba mwenyewe. Mlango hawezi, maana si wake, wala hatembei na fundi na saruji mfukoni.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 kuyarekebisha, na wenye magari ya abiria miaka 2. Ikaja Katiba ya mwaka 2010, na kifungu chake cha 54. Kisha mwaka 2025 ikatungwa sheria mpya mahali pa ile ya kwanza. Vidato vya madukani viko pale pale. Wala tusiwacheke watu wa bara, maana baraza za maduka yetu huku pwani, na milango ya misikiti yetu pia, twaijua ilivyo.

Mwenye duka husema hajapata kuona mteja wa kiti cha magurudumu, na asema kweli. Huyo mteja alifika akavitazama vidato, akarudi. Kwa kidato kimoja, ubao mnene uliolazwa vizuri watosha mpaka fundi apatikane. Kwa vitatu yahitajika saruji na nafasi ya njia mbele ya duka, na mdogo wa mtaji hawezi peke yake; hapo ni kazi ya serikali ya kaunti na wenye maduka ya safu moja kukaa pamoja, wachange.