Je, Ridhaa Inatosha? Kuhusu Wanaoanguka kwa Niaba ya Stelingi

Katika vibanda vya video vya Kamembe, kama ilivyo Bukavu ng'ambo ya mto Ruzizi, filamu za kung fu hupendwa sana. Huku Rwanda nyingi hutufikia zikiwa na sauti ya msimulizi, nasi huziita agasobanuye. Msimulizi hutupatia kila mhusika: stelingi, adui mkuu, mzee mwalimu mwenye ndevu nyeupe. Asiyetajwa ni yule anayepigwa teke akapita katikati ya kioo, au anayevaa nguo za stelingi na kuruka kutoka ghorofani kwa niaba yake. Watanzania huita kibanda cha namna hii "kibanda umiza". Swali langu ni hili: sisi tunaostarehe humo, tuna wajibu wowote kwa anayeumia kweli?

Jibu la haraka ni hapana. Mtu huyo alikubali, alilipwa, wala hakushikiwa fimbo. Hoja hii si ya kupuuzwa. Kumzuia mtu mzima kufanya kazi aliyoichagua na kuifanyia mazoezi kwa miaka mingi ni kumdharau. Tena, wengi huhatarisha maisha kwa ajili ya riziki. Mvuvi wa sambaza hukesha Ziwa Kivu penye mawimbi, na dereva wa pikipiki hupita kwenye kona za milimani wakati wa mvua. Kwa nini tumhurumie mruka ghorofa peke yake?

Lakini ulinganisho huo huo unaonyesha tofauti. Hakuna anayenunua sambaza kwa sababu mvuvi nusura azame. Kwake hatari ni gharama ya kazi, na ikipungua kila mtu anafurahi. Katika filamu, hatari inaweza kugeuka kuwa bidhaa yenyewe. Tunasema, "Ile ilikuwa ya kweli, si kompyuta," na hapo ndipo tunapoisifu zaidi. Kwa hiyo mtazamaji si mpita njia. Matakwa yake yamo ndani ya anguko lile.

Tumtazame Jackie Chan. Mwaka 1986, alipokuwa akipiga filamu ya Armour of God nchini Yugoslavia, aliruka kutoka ukutani kwenda kwenye mti. Mara ya kwanza alifaulu, lakini hakuridhika, akarudia. Tawi likakatika, akaanguka na kupasuka fuvu. Ridhaa yake haina shaka, kwa kuwa yeye alikuwa nyota na angeweza kusema "basi". Je, kijana wa kikosi chake anapoambiwa "tena", ana uwezo huo huo? Anajua kwamba akisita, wapo wengine wanaongoja nafasi yake. Ridhaa inapaswa kupimwa kwa bei ya kukataa. Pale ambapo kukataa ni kupoteza kazi, "ndiyo" ya mtu bado ni yake, ila haimalizi deni la wale wanaonufaika nayo.

Mwanafalsafa Kant alifundisha kwamba tusimtumie mtu kama chombo tu. Neno "tu" ndilo lenye uzito, kwani kila siku tunatumikiana. Kwa maoni yangu, mruka ghorofa hugeuzwa chombo tu katika hali tatu: anapotiwa katika hatari isiyohitajika, anapoachwa bila matibabu akishaumia, na ushujaa wake unapovishwa mtu mwingine huku yeye akifichwa.

Wapo watakaopinga kuwa bila hatari ya kweli filamu itapoa. Mfano wa jirani zetu Uganda unawajibu. Katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, kwa bajeti isiyofika dola 200. Vijana wa mtaani wanapigana kung fu wenyewe, bunduki ni za kuunda kwa vyuma chakavu, na milipuko imewekwa kwa kompyuta. Uongo wake unaonekana waziwazi, na bado watu wa mabara yote wameipenda. Kinachotuvuta, basi, ni ufundi, kasi na ucheshi. Mfupa uliovunjika hauongezi kitu ambacho hivyo haviwezi kutoa.

Kuhusu kufichwa, hata wakubwa wa sinema wamechelewa. Tuzo za Oscar zilianza mwaka 1929, na wabunifu wa mavazi na wapambaji wa nyuso walikwisha kupata zao. Ila ni mwaka 2025 tu ilipotangazwa kwamba michezo ya hatari itakuwa na tuzo yake, ambayo itaanza kutolewa mwaka 2028 kwa filamu za mwaka 2027. Miaka karibu mia moja ni mirefu mno kwa mtu kuanguka bila jina.

Mtazamaji wa Rusizi hawezi kumlipia bima mtu wa Hong Kong. Wajibu wake ni mdogo, lakini upo. Jackie Chan ana desturi ya kumalizia filamu zake kwa picha za miruko iliyoshindikana na watu walioumia, zikiambatana na majina. Vibandani kwetu, adui akishakufa, mara nyingi diski hubadilishwa papo hapo. Tunaweza kumwomba mwenye kibanda aiache iishe. Tunaweza pia kuacha kupima uzuri wa filamu kwa wingi wa waliolazwa hospitalini, kwa sababu kipimo hicho tukiendelea nacho, kuna mtu atakayeambiwa "tena" ili kuturidhisha.