Usiingie na Siri Kwenye Chumba cha Mtihani

Mdogo wangu wa Diepsloot, Afrika Kusini, mtihani wa matric wa kumaliza sekondari unaanza mwishoni mwa Oktoba na wewe una kisukari aina ya kwanza. Wenzako watabeba kalamu, rula na kitambulisho. Wewe utabeba hivyo pamoja na insulini, kipima sukari na juisi. Vibebe mchana kweupe! Jambo moja tu nakukataza: kuvificha.

Wahenga walimwonya mficha maradhi kwamba kilio kitamfichua. Kwako wewe jasho litatangulia kilio. Chukua karatasi ya kwanza ya Hisabati: alama 150, saa tatu asubuhi hadi saa sita. Katikati ya safari sukari inateremka chini ya 4 mmol/L. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, swali lilelile unalisoma mara nne na halikai kichwani. Unapeleka mkono mfukoni kutafuta kipimo. Msimamizi asiyejua habari zako anaona nini? Mtahiniwa anayetiririka jasho, anayechezea kifaa chini ya dawati. Msimamizi aliyeambiwa mapema anaona sukari imeshuka, basi.

Kwa hiyo aambiwe. Mpelekee mwalimu mkuu barua ya kliniki. Upo utaratibu wa kuwapa nafuu watahiniwa wenye maradhi, kama vile muda wa kupumzika, ila maombi hupitia shuleni na hayaendi kwa haraka. Usijione omba omba. Ni haki yako. Idai kwa adabu, lakini idai.

Na atakayekuambia umejiletea mwenyewe kwa soda na peremende, mpuuze. Kinga ya mwili wako ndiyo iliyogeuka ikashambulia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Dua omba, sindano usiache. Mtu wa kwanza kudungwa insulini, Januari 1922 kule Toronto, alikuwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, mdogo kuliko wewe. Kabla yake, mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa akisubiri kufa tu.

Sasa niguse penye kidonda. Wako vijana wanaoruka sindano asubuhi ya mtihani makusudi, wakiogopa sukari kushuka ukumbini. Usithubutu! Hofu ya mtihani yenyewe huamsha homoni zinazopandisha sukari. Ukiongeza na kukosa insulini, utaandika huku kiu imekukaba, macho yana ukungu na kibofu kinakuita kila mara. Baadaye huja kutapika, na hapo safari ni ya hospitali. Dozi ya siku ya mtihani ipangeni na muuguzi mapema, kisha mwijaribu kwenye mitihani ya majaribio ya Septemba. Ndiyo maana inaitwa ya majaribio.

Kushuka kunatibika pale pale kwenye kiti. Nusu glasi ya juisi, au vijiko vitatu vya sukari ndani ya maji, kama gramu 15 hivi. Weka kalamu chini, subiri dakika 15, pima tena. Chokoleti haifai, mafuta yake huchelewesha sukari. Kwa sababu hiyohiyo iache kota ya asubuhi, ile robo mkate iliyojazwa chipsi na poloni. Tamu, najua. Lakini sukari yake huchelewa kupanda, na inaweza kukukuta katikati ya karatasi. Kunywa uji uliouzoea.

Utaniuliza kuhusu joto na insulini yako. Diepsloot ilianza mwaka 1995 kama makazi ya muda, na mpaka leo wengi wanaishi kwenye vibanda vya mabati, umeme ukija na kuondoka upendavyo, na mtihani unaangukia mwanzo wa kiangazi. Chukua habari ya Dadaab, kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba insulini ilidumu wiki nne bila kupoteza nguvu katika joto la nyuzi 25 hadi 37, kama lile la nyumba za kambini. Hiyo si ruhusa ya kuianika dirishani. Chungu ndani ya chungu kikubwa, mchanga mbichi katikati, kivulini: kichupa unachotumia kitapoa. Akiba ambayo hujaifungua mwombe jirani mwenye friji.

Tena usidhani walioshinda ugonjwa huu ni watoto wa majumba ya kifahari. Sonia Sotomayor alikulia kwenye nyumba za serikali za Bronx, New York. Aligunduliwa ana kisukari akiwa na umri wa miaka saba. Baba mlevi, mikono ikimtetemeka. Mama mwenye zamu za kazi. Mtoto akasogeza kiti kwenye jiko, akachemsha sindano yake na kujidunga mwenyewe kabla ya kwenda shule. Mwaka 2009 aliapishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Wewe sindano huchemshi. Kazi uliyobakiwa nayo ni kufungua mdomo: mwambie mwalimu, mwambie msimamizi, mwambie na rafiki atakayeketi karibu nawe. Barua ya kliniki ichukue wiki hii. Wiki ya mtihani utakuwa na kazi nyingine.