Kisichopungua Kikichukuliwa

Mtu akichukua kikapu cha majani ya chai aliyoyachuma jirani yake hapa Merigi, jirani hubaki mikono mitupu, na hapana asiyemwita mchukuaji mwizi. Lakini mhandisi akinakili bila ya leseni AutoCAD, programu ya kuchorea ramani za majumba na madaraja, wenyewe huko Marekani hubaki nayo nzima kama ilivyokuwa. Basi kimeibwa nini?

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta katika jamii moja na vitabu, na huikinga vivyo hivyo. Jibu hilo latosha mahakamani. Mwenye kufikiri hutaka zaidi. Wengine husema bei ya leseni imepimwa kwa mifuko ya matajiri wa mbali. Neno hilo lina haki ndani yake, wala silibezi. Walakini humsahau mtu aliye karibu: mhandisi wa Bomet alipiaye leseni yake kila mwaka. Aombapo kazi ya kuchora daraja, hana budi kuitia gharama hiyo katika bei yake. Mwenzake aliyenakili hana cha kutia. Hutaja bei ndogo, akapewa kazi. Hapo ndipo kikapu kipunguapo, nacho ni cha jirani.

Tena zipo FreeCAD na LibreCAD, zitolewazo bure kwa ridhaa ya waliozitunga, ingawa kujifunza chombo kigeni huchukua siku nyingi.