Je, Ni Vibaya Timu ya Shule Kujiita Radi?

Vijana wa shule hupenda kuipa timu yao jina lenye kutisha. Huko Marekani, wachezaji wa chuo cha Iowa State huitwa Vimbunga tangu mwaka 1895, walipowashinda wenzao wa Northwestern alama 36 kwa 0, na gazeti la Chicago likaandika kwamba walioshindwa wamepigwa na kimbunga. Baadaye walitaka kinyago cha kuwashangilia. Lakini ni fundi gani awezaye kushona upepo? Mwaka 1954 wakashona ndege mwekundu, naye yupo hata leo.

Mjini Goma, Daring Club Virunga hucheza kwa jina la milima ya moto. Basi wanafunzi wa Rumangabo, waishio karibu na milima hiyohiyo, wakijiita Radi, je, wamekosa?

Jina peke yake si dhambi. Bwana wetu Yezu Kristu aliwaita Yakobo na Yohane Wana wa Ngurumo. Lakini siku moja ndugu hao walitaka kushusha moto toka mbinguni juu ya kijiji cha Wasamaria kilichokataa kuwapokea, naye akawakemea. Waliruhusiwa jina, moto hawakuruhusiwa.

Hatari ipo hapo. Wataalamu waliohesabu radi kwa vyombo vya angani walitangaza mwaka 2016 kwamba Kabare, katika Kivu ya Kusini, ni mahali pa pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Na palipo na radi nyingi hawakosekani wasemao kwamba radi hutumwa na mtu.

Mwezi wa Oktoba 1998, gazeti la L'Avenir la Kinshasa liliandika habari ya mchezo wa mpira huko Kasai ya Mashariki. Timu mbili zilikuwa zimefungana bao moja kwa moja. Radi ikapiga, wakafa wachezaji wote 11 wa timu ya wageni. Wenyeji wakatoka wazima. Mara watu wakanong'ona: wamerogwa. Walifiwa, wakaongeza uadui juu ya msiba.

Lakini radi haichagui jezi. Ikipiga uwanjani, nguvu yake hupita ardhini na kuwapata walio karibu. Aliye mbali kidogo aweza kupona. Basi anayemshitaki jirani bila ushahidi amevunja Amri ya Nane, hata kama machozi yake ni ya kweli. Naye anayemlipa mganga ili timu ya pili ipigwe amevunja Amri ya Kwanza; tena amewatakia mauti watoto wa wenzake kwa ajili ya mpira tu.

Kuipenda shule ni jambo jema. Mwenye kuipenda kweli hupenda pia wachezaji wake warudi nyumbani. Kwa hiyo mwamuzi akisikia ngurumo na apige filimbi, hata kama timu ya Radi inaongoza, hata kama mashabiki wanazomea. Wote waingie katika nyumba imara au ndani ya gari lililofungwa, wageni pamoja na wenyeji, wala wasikimbilie chini ya mti. Wangoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Mabao hayaozi kwa mvua.